Kuchagua Chipu Kidhibiti cha Saplai ya Umeme: UC384x, TL494, SG3525 na Wenzake

Saplai ya umeme ya kuwasha na kuzima, yaani ile ambayo transista yake hukatakata volteji ya juu makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuifikisha kwenye transfoma, inaweza kujengwa kwa chipu kidhibiti za aina nyingi, na karibu zote zitatoa volti 12 zilizotulia pale mezani, mradi mzigo ni wa kawaida na umeme unaoingia hauyumbi. Ndiyo maana jaribio la mezani, ambalo wabunifu wengi huliamini, halimwonyeshi mtu achague ipi. Chipu hutofautiana katika nyakati mbili: wakati wa kuanza, ambapo saketi ina volteji kali ya kapasita kuu lakini chipu yenyewe bado haijapata umeme wake wa kuendeshea, na wakati wa hitilafu, ambapo nyaya za kutokea zimegusana au optokapla, yaani kijenzi kinachopitisha ishara ya mrejesho kwa mwanga kutoka upande wa kutokea, imekufa. Ulinganisho huu unazipima chipu kwa nyakati hizo mbili. Masafa ya juu kabisa yanayotajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa datashiti nimeyaweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu ni nadra sana yaamue jambo.

Umbo la saketi hutangulia chipu

Kabla ya kutaja chipu yoyote ni lazima umbo la saketi liwe limeamuliwa, kwa sababu umbo ndilo linaloelekeza namna ya kudhibiti, na namna hizo ni mbili kuu. Katika udhibiti wa volteji, chipu hulinganisha ishara ya kosa (tofauti kati ya volteji ya kutokea na ile inayotakiwa) na wimbi la msumeno la osileta yake, yaani saketi inayotoa mdundo wa mapigo, na pale vinapokutana ndipo swichi huzimwa. Mkondo unaopita kwenye transista hauangaliwi. Katika udhibiti wa mkondo, osileta huwasha swichi, lakini kuizima ni kazi ya mkondo wenyewe, ambao hupanda kwenye koili hadi ukafikia kiwango kilichowekwa na ishara ya kosa, kisha swichi huzimwa papo hapo, na hivyo katika kila mzunguko. TL494 na SG3525 ni za namna ya kwanza. Familia ya UC384x ni ya namna ya pili.

Msomaji anaweza kudhani kwamba udhibiti wa mkondo ni bora kila mahali, kwa kuwa hulinda swichi kila mara inapowaka. Haiko hivyo. Katika saketi ya pushi-puli, yenye transista mbili zinazopokezana kwenye transfoma moja, udhibiti wa mkondo ni msaada mkubwa, maana tofauti ndogo ya muda wa kuwaka kati ya transista hizo huisogeza sumaku ya kiini upande mmoja kidogo kidogo hadi kiini kishibe, yaani kishindwe kubeba sumaku zaidi na mkondo upande ghafla, na chipu inayoangalia mkondo huuona upande uliozidi na kuufupisha. Katika nusu-daraja, yaani saketi ya transista mbili zilizofuatana, lenye kapasita mbili zinazogawa volteji ya kuingilia, usaidizi huohuo hugeuka madhara: chipu ikilazimisha kilele cha mkondo kilingane pande zote mbili, muda wa kuwaka wa kila upande hautalingana, chaji inayochotwa kwenye kapasita hizo itatofautiana, na volteji ya katikati itahama upande mmoja bila kurudi. Kwa hiyo saplai nyingi za kompyuta za miaka iliyopita, zilizokuwa za nusu-daraja, zilitumia TL494 au nakala zake kama KA7500, na walioziunda walikuwa na sababu nzuri kabisa ya kubaki na udhibiti wa volteji.

Kwa flaibeki, ambayo huhifadhi nishati kwenye transfoma swichi ikiwa imewaka na kuitoa ikizimwa, na ambayo hufaa zaidi kwa nguvu za hadi wati 100 au 150 hivi, udhibiti wa mkondo ndio wa kawaida, na UC384x ndiyo kipimo ambacho chipu nyingine zote hulinganishwa nacho.

Familia ya UC384x: tarakimu ya mwisho si mapambo

Chipu nne za familia hii, UC3842, UC3843, UC3844 na UC3845, zina pini nane zilezile, volteji rejea ileile ya volti 5, na kilinganishi cha mkondo chenye kikomo kilekile cha volti 1. Mtu akizichanganya, saketi inaweza hata kuwaka kwa muda. Zinatofautiana katika mambo mawili tu, na yote mawili ni ya msingi.

La kwanza ni volteji ya kuanzia. UC3842 na UC3844 huanza volteji ya umeme wao ikifika volti 16 na husimama ikishuka hadi volti 10. UC3843 na UC3845 huanza kwenye volti 8.4 na husimama kwenye volti 7.6. Nafasi ya volti 6 iliyopo katika jozi ya kwanza ndiyo inayozifanya zifae kwa saplai zinazolishwa moja kwa moja na umeme wa gridi. Katika saplai hizo chipu huamshwa na rezista kubwa inayotoka kwenye kapasita kuu, ikajaza kapasita ndogo polepole, kisha chipu ikianza kazi huishi kwa chaji ya kapasita hiyo mpaka koili saidizi ya transfoma iweze kuilisha. Chukulia kapasita ya mikrofaradi 100 na matumizi ya miliampea 15, ambayo ni miliampea 11 hivi za chipu yenyewe na zilizobaki za kuendesha geti (pini ya kuamuru) la mosfeti, ambayo ndiyo transista ya swichi. UC3842 itakuwa na takribani milisekunde 40 kabla haijafika volti 10, muda unaotosha kwa saplai nyingi kupandisha volteji ya kutokea. UC3843 katika saketi hiyohiyo itakuwa na milisekunde 5 tu, na saplai itabaki ikijaribu kuanza na kushindwa, ikitoa mlio wa tiki-tiki, huku fundi akitafuta kosa kwenye transfoma. Kwa upande mwingine, kwenye kigeuzi kinacholishwa na betri ya volti 12, UC3842 inaweza isianze kabisa kwa kuwa volti 16 hazitafika kamwe, na hapo UC3843 ndiyo sahihi.

La pili ni uwiano wa muda wa kuwaka. UC3842 na UC3843 huruhusu swichi iwake karibu mzunguko mzima. UC3844 na UC3845 hukomea chini kidogo ya asilimia 50, kwa kuwa ndani yake mna kigawanyi kinachoruka kila mzunguko wa pili wa osileta. Hapo kuna mtego ambao huwakamata hata wenye uzoefu. Kwa rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya nanofaradi 1.8, osileta hufanya kazi kwenye kilohezi 96 hivi, kwa kanuni ya 1.72 kugawanywa kwa zao la rezista na kapasita. Lakini kwa UC3844 swichi yenyewe itawaka kwa kilohezi 48 tu, na transfoma iliyokokotolewa kwa kilohezi 96 itashiba.

Kwa saketi ya fowadi, ambayo hupitisha nishati kwenda upande wa kutokea swichi ikiwa imewaka, yenye koili ya kurejesha sumaku iliyo na mizunguko sawa na ya kuingilia, kikomo cha asilimia 50 ni cha lazima, maana kiini kinahitaji muda wa kutua ulio sawa na muda wa kupanda, kwa hiyo swali limekwisha: ni UC3844 au UC3845. Kwa flaibeki uamuzi ni mgumu zaidi. Uwiano unaozidi asilimia 50 hupunguza kilele cha mkondo kwenye swichi pale umeme wa kuingilia unapokuwa mdogo, lakini mkondo wa koili usipofika sifuri kila mzunguko, udhibiti wa kilele cha mkondo hupoteza utulivu: mpigo mmoja huwa mrefu, unaofuata mfupi, na hivyo kuendelea. Tiba yake ni fidia ya mteremko, ambayo huchukua sehemu ya wimbi la msumeno la osileta, ikapitishwa kwenye transista ndogo ili osileta isilemewe, na kuongezwa kwenye pini ya mkondo. Mteremko unaoongezwa usipungue nusu ya mteremko wa kushuka wa mkondo wa koili, ukipimwa kwa volteji inayoonekana kwenye rezista ya kupimia. Kwa maoni yangu, anayejenga flaibeki kwa mara ya kwanza achague UC3844, akubali mkondo wa kilele ulio juu kidogo, na aachane na fidia ya mteremko kabisa.

UC3842 ya zamani na warithi wake

Rezista ya kuamsha chipu hugharimu nguvu kila sekunde, na hapa ndipo toleo la zamani linaposhindwa. UC3842 ya asili inaweza kuhitaji hadi miliampea 1 kabla ya kuanza. Ikiwa saplai inapaswa kuanza kwenye volti 85 za gridi, ambazo baada ya kunyooshwa huwa volti 120 hivi, rezista haiwezi kuzidi sana kilo-omu 82. Na rezista hiyo, gridi ikiwa kwenye volti 265, huteketeza takribani wati 1.6 mchana na usiku, hata kama hakuna kilichochomekwa upande wa kutokea. UCC28C42, mrithi wake wa teknolojia ya CMOS, huhitaji mikroampea 100 zikizidi, kwa hiyo rezista inaweza kuwa kilo-omu 820 na hasara kushuka hadi wati 0.16.

Hata hivyo mrithi huyo si mbadala wa kuchomoa na kuchomeka. Huanza kwenye volti 14.5 na kusimama kwenye volti 9, jambo ambalo mara nyingi halidhuru, lakini kiwango chake cha mwisho cha kuvumilia ni volti 20, ilhali UC3842 ya asili huvumilia hadi volti 30. Saketi ambayo koili yake saidizi hutoa volti 22, na ambayo imefanya kazi miaka mingi na chipu ya zamani, itaiua chipu mpya mara tu ikianza. Kabla ya kubadilisha, pima volteji ya pini ya umeme wa chipu saplai ikiwa na mzigo kamili, kwa sababu volteji ya koili saidizi hupanda mzigo unapoongezeka.

Nguvu ya wati 0.16 nayo bado ni nyingi kwa mahali pengine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1782 huiruhusu adapta ya kawaida yenye volteji moja ya kutokea, ya hadi wati 49, itumie wati 0.1 tu bila mzigo. Kwa volti 230, rezista ya kilo-omu 820 peke yake tayari imevuka kiwango hicho. Anayelenga soko hilo hana budi kuiacha familia ya UC384x na kuchagua chipu yenye chanzo cha mkondo cha ndani kinachounganishwa moja kwa moja na volteji ya juu, kikaamsha chipu kisha kikajizima, na ambayo hurukaruka mapigo mzigo unapokuwa mdogo.

TL494 na SG3525 zikiwekwa bega kwa bega

Hizi mbili huulizwa pamoja kila mara kwa kuwa zote zina pini 16, matokeo mawili yanayopokezana, na udhibiti wa volteji. Tofauti yao kubwa iko kwenye matokeo. TL494 hutoa transista mbili tupu, kolekta na emita zikiwa wazi, zenye uwezo wa miliampea 200 kila moja. Zinaweza kuvuta geti la mosfeti upande mmoja, lakini upande wa pili ni rezista tu inayobaki kulimwaga, na mosfeti inayozimwa polepole huunguza nishati nyingi kuliko ile ambayo mbunifu alidhani anaiokoa kwa chipu ya bei nafuu. SG3525 ina hatua ya kutokea inayosukuma na kuvuta yenyewe, kwa hiyo huendesha mosfeti za wastani bila msaada. Ukitumia TL494 na mosfeti, hesabu mapema transista za kusaidia upande wa kuzima.

SG3525 pia hubeba ndani yake mambo ambayo kwenye TL494 hujengwa nje. Kapasita moja kwenye pini yake ya nane hutosha kuifanya saplai ianze taratibu. Volteji yake rejea ni volti 5.1 yenye usahihi wa asilimia 1, na chipu hujizuia yenyewe umeme wake ukiwa chini ya volti 7 hivi, ili isiendeshe mosfeti kwa geti lililojaa nusu. Anayependa mpangilio wa TL494 lakini anahitaji kinga hiyo aangalie TL594, ambayo ni TL494 iliyoongezewa kizuizi cha volteji ndogo na volteji rejea iliyo sahihi zaidi. Vilevile, anayenunua SG3525 asome jina hadi tarakimu ya mwisho, kwa kuwa SG3527 ni chipu ileile yenye matokeo yaliyogeuzwa, inayokaa juu pale ambapo mosfeti inapaswa kuwa imezimwa.

TL494 nayo ina nguvu yake, na mimi huitetea. Ina amplifaya mbili za kosa badala ya moja, na matokeo yake yameunganishwa kwa namna ambayo ile inayodai mapigo mafupi zaidi ndiyo hushinda. Kwa chaja ya betri hilo ni jambo zuri sana: amplifaya moja hushika volteji, nyingine hushika mkondo wa wastani, na chaja huhama kutoka mkondo usiobadilika kwenda volteji isiyobadilika bila saketi ya ziada. Pini yake ya nne huweka muda wa ukimya kati ya transista mbili, yaani muda ambao zote mbili zimezimwa, kuanzia asilimia 3 ya mzunguko kwenda juu. Kwa inveta ya pushi-puli, kwa upande mwingine, ningechukua SG3525.

Kwenye hitilafu, chipu zote mbili zina udhaifu mmoja. Amplifaya ya pili ya TL494 hupima mkondo wa wastani na hupitia fidia ya polepole, kwa hiyo nyaya za kutokea zikigusana, mapigo kadhaa yatapita kabla haijatenda. SG3525 ina pini ya kuzima yenye kasi, ambayo ikipandishwa hukata mapigo mara moja, lakini lazima mbunifu ajenge mwenyewe kipimo cha mkondo kinachoiamuru. Pini hiyo ikiachwa imefungwa kwenye graundi, kama inavyoonekana kwenye michoro mingi ya inveta, mosfeti hazina mlinzi.

Swichi ikiwa ndani ya chipu

Kwa nguvu ndogo, tuseme chini ya wati 20, sioni sababu ya kutumia chipu na mosfeti zilizotengana isipokuwa kwa kujifunza. Chipu za aina ya TinySwitch-II zina mosfeti ya volti 700 ndani yake, hujilisha kutoka kwenye pini ya dreini kupitia kapasita moja ya mikrofaradi 0.1 bila koili saidizi, na hufanya kazi kwa kilohezi 132. Hazirekebishi upana wa mapigo kama nyingine. Kila mzunguko huruhusiwa au hurukwa kulingana na ishara ya optokapla, kwa hiyo hesabu ya fidia ya mrejesho, ambayo ndiyo huwachosha wanaoanza, haipo. Wakati wa hitilafu hujizima na kujaribu tena zenyewe.

Kinachopotea ni uhuru. Kikomo cha mkondo kimewekwa kiwandani, na kukibadilisha ni kubadilisha chipu. Joto lote la swichi hutoka kupitia pini za sosi kwenda kwenye shaba ya ubao, kwa hiyo eneo la shaba hugeuka kuwa sehemu ya ukokotoaji.

Resonanti, pale nguvu inapozidi

Kwa wati 150 na kuendelea, hasa ikiwa mbele kuna hatua ya kurekebisha kipengele cha nguvu (kuufanya mkondo wa gridi ufuate volteji yake) inayotoa volti 390 au 400 zilizotulia, nusu-daraja la resonanti la aina ya LLC, lenye koili mbili na kapasita moja zinazotikisika kwa masafa yao wenyewe, huwa na ufanisi mzuri kwa sababu mosfeti zake huwashwa volteji ikiwa sifuri. Chipu zake hazibadilishi upana wa mapigo bali masafa. Hitilafu yake mahususi ni mzigo kuzidi kiasi cha kuisukuma saketi upande usiofaa wa kilele cha resonanti, ambapo mosfeti moja huwashwa huku dayodi ya mwenzake bado inapitisha, na zote mbili zinaweza kuvunjika kwa mzunguko mmoja. L6599 huweka muda wa ukimya usiobadilika wa mikrosekunde 0.3 na humwachia mbunifu jukumu la kukaa mbali na upande huo. L6699 iliyoifuata hugundua hali hiyo na kuikwepa, na muda wake wa ukimya hujirekebisha. Hapa singebana matumizi hata kidogo: ya pili ndiyo ya kuchukua.

Kuiunganisha kwenye ubao

Chipu iliyochaguliwa vizuri huharibiwa na nyaya. Katika UC384x, kapasita ya osileta na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya volteji rejea zinapaswa kurudi kwenye pini ya graundi ya chipu kwa njia yao wenyewe, na njia hiyo isikutane na mkondo wa mosfeti isipokuwa mahali pamoja, kwenye mguu wa rezista ya kupimia mkondo. Mosfeti inapowashwa huwa na mruko mkali wa mkondo unaoweza kuizima kabla ya wakati, kwa hiyo weka rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya pikofaradi 470 karibu kabisa na pini ya mkondo; kapasita kubwa kuliko hapo hufanya kinga ichelewe.

Mrejesho wa saplai iliyotenganishwa kwa kawaida hupitia TL431, chipu ndogo inayolinganisha volteji ya kutokea na volteji rejea yake, na optokapla. Njia rahisi ni kuifunga pini ya mrejesho ya UC384x kwenye graundi, kisha kuiacha optokapla iivute chini pini ya fidia (tokeo la amplifaya ya kosa), ambayo mkondo wake wa ndani ni mdogo. Kumbuka kwamba pini hiyo hupunguzwa kwa volti 1.4 hivi za dayodi mbili kabla ya kugawanywa kwa tatu, kwa hiyo mapigo hayakomi mpaka ishuke chini ya kiwango hicho. TL431 nayo huhitaji angalau miliampea 1 ili ishike volteji kwa usahihi, na kwa mzigo mdogo mkondo wa optokapla unaweza kuwa chini ya hapo. Rezista ya kilo-omu 1 sambamba na taa ya optokapla hulimaliza tatizo hilo.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili kabla ya kufunga kasha, saplai ikiwa imelishwa kupitia transfoma ya kutenganisha na taa ya balbu ikiwa kwenye mfululizo. Kwanza, unganisha nyaya za kutokea pamoja. UC3842 inapaswa kuingia kwenye kuanza na kusimama mara kwa mara, kwa kuwa volteji ya koili saidizi imeanguka. Isipofanya hivyo, miruko ya transfoma ndiyo inayoilisha, na rezista ya omu 10 hadi 22 mbele ya dayodi ya koili saidizi kwa kawaida huiondoa. Pili, ondoa optokapla mguu mmoja. Chipu sasa haioni chochote na itasukuma nguvu yote, na kwa kuwa UC384x haina pini ya kuzuia volteji kupita kiasi, ni dayodi ya zena uliyoiweka wewe kwenye umeme wa chipu, ikiamuru pini ya mkondo, ndiyo itakayozima saplai kabla kapasita za kutokea hazijapasuka.